Bei ya nyumba huanzia kwenye mchoro

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, kutoka Kigongo hadi Busisi, kuvuka Ziwa Victoria mkoani Mwanza, ni mwendo wa dakika chache. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kivuko. Unafika, gari linaingia foleni, unashuka kununua muhogo na samaki wa kukaanga, unakaa, na siku ikiwa mbaya saa mbili zinapita ukiwa bado unaiangalia ng'ambo. Kilomita 3 za daraja zimeondoa subira ile yote. Upande wa Sengerema, ambao mtu wa Mwanza mjini aliuhesabu kuwa safari, leo unaweza kulala huko na asubuhi ukawahi kazini.

Mji ukisogea karibu namna hiyo, kinachotangulia ni maswali ya viwanja. Shamba la mihogo lililokuwa likiuzwa kwa ekari linaanza kupimwa kwa hatua. Dalali anasimamisha bodaboda chini ya mwembe: "Shikamoo babu, hapa hamuuzi?" Babu hajafikiria kuuza, lakini swali likirudi mara ya tatu na bei imepanda, anaanza kufikiria. Ndivyo ilivyokuwa Kisesa kwenye barabara ya Musoma, ndivyo inavyokuwa Usagara penye njia panda, na ndivyo itakavyokuwa Magu, Misungwi na Lamadi.

Nataka kufungua fundo moja ambalo naona tunalifunga vibaya kila tunapolizungumza. Kwa nini mji mdogo, wenye ardhi ya kutosha pande zote, unakosa nyumba ambazo mwalimu mpya, muuza dagaa au fundi anaweza kuzimudu? Ukiuliza watu, watataja saruji, nondo na bati. Ni kweli, vifaa ni ghali. Lakini sehemu kubwa ya bei huwa imeshaamuliwa kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga kumwagwa. Imeamuliwa kwenye mchoro wa mipango miji, pale mtu alipochora mstari akasema kiwanja kinaishia hapa na barabara inapita hapa.

Watu tisa, choo kimoja

Nilikaa mchana mzima kwenye baraza ya mama mmoja, mjane, kwenye kitongoji kilichoko pembezoni mwa mji upande ule wa daraja. Nyumba yake ni ile tunayoijua wote: mlango wa mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, kisha uani. Upande wa kulia vyumba vitatu vimeezekwa na vina wapangaji. Upande wa kushoto kuta za tofali za kuchoma zimefika usawa wa linta, na ndani ya kile kitakachokuwa chumba cha nne kumeota mgomba ambao tayari una mkungu. Yeye na wajukuu wake wawili wanalala kwenye banda la uani, lile alilolijenga zamani na marehemu mumewe.

Chumba cha kwanza yupo mwalimu wa shule ya msingi, binti aliyepangiwa kazi hapo mwaka jana. Cha pili kijana wa bodaboda na mkewe na mtoto mchanga. Cha tatu mama anayechukua dagaa mwaloni, kule mitumbwi inapotia nanga, na kuwauza sokoni, pamoja na binti yake.

"Zile bati unazoziona ni kodi ya mwalimu, miezi sita," mama mwenye nyumba aliniambia akinyoosha kidole. "Huyu wa bodaboda akilipa, tunamwaga linta ya huku."

Mwalimu alikuwa anafua pale uani. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, kabla ya linta, tuongezee choo."

"Watu tisa choo kimoja, najua, mwanangu. Najua."

Nimekileta kisa hiki mbele kwa sababu huu ndio mfumo wenyewe wa nyumba za bei nafuu nchini. Hakuna kampuni pale, hakuna benki wala mradi. Kuna mama mmoja anayejenga chumba kwa chumba kwa kodi inayolipwa miezi sita mbele, na kuna kaya tatu zilizopata mahali pa kulala kwa sababu yake. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962 na limejenga mengi, lakini nyumba zake hazijawahi kuwa nyingi kiasi cha kufika kwenye vitongoji kama hiki. Mikopo ya nyumba ya benki, pamoja na sheria maalum ya 2008 iliyotungwa kuirahisisha, bado inahesabika kwa maelfu machache tu katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Riba ni ya tarakimu mbili, na benki inataka hati, ambayo mama yule hana.

Kwa hiyo mpango wa nyumba wa mji mdogo usiomwona mama huyu haujaanza kupanga nyumba za watu wa hali ya chini. Na michoro mingi haimwoni. Inaona kiwanja, ndani yake nyumba moja, ndani ya nyumba familia moja.

Hesabu ya hekta moja

Sasa twende kwenye mchoro wenyewe, kwa sababu hapa ndipo hesabu ilipo.

Chukua hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, kama ekari mbili na nusu hivi. Tuseme barabara, njia za miguu, mitaro, eneo la wazi na mahali pa huduma vimechukua asilimia 35. Zimebaki mita za mraba 6,500. Ukikata viwanja vya mita za mraba 600, unapata 10 na kipande kinabaki. Ukikata vya ishirini kwa ishirini, ambavyo kila dalali anavijua, yaani mita za mraba 400, unapata 16. Ukikata vya mita za mraba 250, unapata 26.

Tuseme tena, kwa mfano tu, kwamba kununua ardhi ile, kuipima, kuchonga barabara na kuvuta bomba la maji kumegharimu shilingi milioni 39. Gharama hiyo lazima ilipwe na viwanja. Ukiigawa kwa 10, kila kiwanja kinabeba milioni 3.9. Kwa 16, karibu milioni 2.4. Kwa 26, milioni moja na nusu. Ardhi ni ileile, bomba ni lilelile, mtaa ni uleule, na hakuna aliyepunguza ubora wa kitu chochote. Tofauti ya zaidi ya mara mbili imetoka kwenye rula.

Kuna jambo la pili ambalo halitajwi sana, nalo ni uso wa kiwanja, yaani upana wake unaotazama barabara. Mtaa wa mita 200 wenye viwanja vya uso wa mita 20 pande zote mbili unahudumia viwanja 20. Mtaa huohuo ukiwa na viwanja vya mita 10 kwa 25, vyembamba na virefu, unahudumia 40. Bomba la mita 200 ni la mita 200 hata lingehudumia nani, na nguzo za umeme vilevile. Kiwanja chembamba kinachoingia ndani kinamfaa mjenzi wa taratibu pia. Anaanza na vyumba viwili nyuma, anahamia, kisha mbele anaweka fremu ya duka au vyumba vya kupangisha kadiri Mungu anavyomjalia. Kiwanja cha mraba kinakushawishi ujenge nyumba moja katikati, na ukishaiweka katikati umeziba kila kitu.

Mtu atasema viwanja vidogo vitatuletea msongamano na uchafu. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito, kwa sababu ina ukweli mmoja mkubwa ndani yake: choo. Kwenye mita za mraba 250 zenye kaya tatu, choo cha shimo kitajaa haraka, na hapatakuwa na nafasi ya kuchimba kingine. Kama jirani ana kisima, mambo yamekuwa mabaya. Kwenye udongo wa mawe kama wetu, shimo lenyewe halichimbiki. Ndiyo maana kiwanja kidogo hakiwezi kupangwa peke yake. Lazima kije na njia ambayo gari la majitaka linapita, au na bomba la majitaka la pamoja. Na hilo la pili halihitaji makubwa kama watu wanavyodhani. Kwenye vilima vya Mwanza mjini, mahali ambapo bomba la kawaida lisingewezekana kwa mawe, zimewekwa njia rahisi za majitaka: mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na juu ya miamba, yakishuka kuungana na mtandao mkubwa. Kama limewezekana huko juu kwenye majabali baada ya watu kujenga, kwenye shamba tambarare kabla ya mtu kujenga ni rahisi zaidi.

Nani alituambia kiwanja kiwe kikubwa?

Tunaposema viwanja vya ujazo wa juu, wa kati na wa chini, yaani vidogo, vya wastani na vikubwa, tunazungumza lugha iliyozaliwa wakati wa ukoloni. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi: uzunguni viwanja vikubwa vyenye bustani, uhindini maduka na nyumba za kubanana, uswahilini viwanja vidogo na huduma chache. Mwanza ramani hiyo bado unaisoma kwa macho ukisimama Capri Point na kuangalia upande wa Mabatini. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka kwenye sheria, lakini vipimo viliendelea kuishi vikiwa na majina mengine. Na pamoja na vipimo lilibaki wazo kwamba kiwanja kikubwa ndicho cha heshima, na kidogo ni cha watu ambao bado hawajafika.

Wazo hilo linaumiza kwa namna iliyofichika. Halmashauri ikipima mji mpya na viwanja vingi vikawa vikubwa, hakuna mtu wa kipato cha chini atakayefukuzwa. Hatakuwepo tu kwenye orodha ya wanunuzi. Atakwenda mita 300 nje ya mpaka wa upimaji, kwa mkulima anayeuza hatua 15 kwa 15, watakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, karatasi itaandikwa, mashahidi watatu watatia saini, na jioni tofali zitashushwa. Mwaka wa pili majirani wamefika. Mwaka wa tano njia ya ng'ombe ndiyo barabara, na gari la wagonjwa halifiki mlangoni.

Vilima vya Igogo, Mabatini na Bugarika vilijaa hivyo. Watu walijenga juu ya majabali kwa sababu ndipo palipokuwa karibu na kazi na hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Leo ukipanda kule unaona ustadi wa ajabu, ukuta umeshikizwa kwenye jiwe kama kiota cha mbayuwayu. Unaona pia akina mama wakipandisha ndoo za maji kwenye ngazi ambazo mimi nikiwa mikono mitupu zinanitoa jasho.

Urasimishaji ulikuja kurekebisha hali hiyo. Ni kazi njema: nyumba zilizokwishajengwa zinatambuliwa, mipaka inapimwa, watu wanapata leseni za makazi au hati. Lakini ni matibabu ya baadaye. Mpimaji anayeingia mahali palipokwishajengwa anatafuta mita nne za barabara katikati ya majiko na vyoo vya watu, na kila mita ni mazungumzo, wakati mwingine ni ugomvi. Mita hizo hizo zingechukuliwa bure wakati pale pakiwa bado shamba la mtama.

Nyakato inatufundisha

Tuna mfano wetu wenyewe hapa hapa, na nashangaa kwa nini hatuutaji. Miaka ya 1970, Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Awamu ya kwanza iligusa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Wazo lake lilikuwa dogo na la busara: Serikali isijenge nyumba. Ipime viwanja mahali patupu, ichonge barabara, ilete maji, halafu imwachie mwananchi ajenge mwenyewe kwa kasi yake. Dar es Salaam ndiko kulikopatikana Sinza na Kijitonyama. Kwetu Mwanza ilikuwa Nyakato.

Miongo kadhaa baadaye watafiti wa uchumi walizirudia sehemu hizo kwa picha za anga na kwa takwimu za kaya, wakazilinganisha na maeneo ambayo mradi uliyakuta yamekwishajengwa ukayaboresha, na maeneo jirani yasiyopangwa. Maeneo yaliyopangwa kabla ya watu kuingia yalikuwa na nyumba kubwa zaidi na imara zaidi, zimejipanga vizuri, na zimeunganishwa vyema zaidi na umeme na barabara. Yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha tofauti ya namna hiyo. Mistari iliyochorwa kwa kamba na vigingi wakati wa Mwalimu Nyerere ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Hapo ndipo wengi hukomea, wakasema: basi, tupime. Lakini habari ya Nyakato na Sinza ina upande wa pili. Maeneo yale yalipopendeza, bei ilipanda, na wanaoishi huko sasa kwa wastani wana elimu na uwezo kuliko wale wa maeneo jirani. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, na wengi wao waliuza au hawakufika kabisa. Dar es Salaam jambo hilo lilijirudia kwenye mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000, ambapo viwanja vilipimwa kwa wingi lakini bei ilikuwa ya mtu mwenye fedha mkononi, na vingi vilikaa miaka mingi vikiwa vichaka vyenye bikoni, yale mawe ya mipaka ya wapimaji.

Kupanga mapema kunalinda mji. Lakini kupanga mapema peke yake hakumlindi mtu wa chini. Ili naye abaki ndani, mchanganyiko lazima uwekwe kwenye mchoro wenyewe: mtaa uleule uwe na kiwanja cha mita za mraba 600 pembeni, cha 400 kando yake, na safu ya vya 200 au 250 nyuma, pamoja na ruhusa iliyoandikwa ya kujenga vyumba vya kupangisha. Mwenye duka kubwa na muuza dagaa wakikaa mtaa mmoja, mmoja ndiye mteja wa mwenzake. Na kwa kuwa viwanja vimechanganyika, bei ya kiwanja kikubwa cha pembeni, kile cha biashara, inaweza kubeba sehemu ya gharama ya vile vidogo.

Ardhi inatoka wapi

Fundo la pili ni namna halmashauri inavyoipata ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ni sharti la haki, na mtu yeyote aliyewahi kumwona mzee akisubiri fidia miaka na miaka analielewa. Lakini halmashauri ya mji mdogo haina fedha za fidia. Hukopa. Kupitia mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, maarufu kama KKK, halmashauri zimekuwa zikipewa fedha za kupima viwanja ambazo zinatakiwa kurejeshwa. Ukikopa, unataka urudishe haraka. Ukitaka kurudisha haraka, unamtafuta mnunuzi anayelipa taslimu kwa mkupuo. Huyo si mwalimu wa chumba cha kwanza. Kwa njia hii mkopo wenye nia njema unasukuma viwanja kwenda kwa watu ambao tayari wana nyumba, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Njia nyingine ipo, na mimi ndiyo ninayoitetea: wenye mashamba kuunganisha ardhi yao na kuipanga pamoja. Watu kumi wenye ekari mbilimbili wanakubaliana na halmashauri. Ardhi yote inachorwa kama kitu kimoja, kila mmoja anachangia sehemu kwa ajili ya barabara, shule na viwanja vichache vya kuuzwa ili kulipia upimaji, na kilichobaki anarudishiwa kikiwa viwanja vilivyopimwa vyenye jina lake. Anarudishiwa eneo dogo kuliko alilotoa, lakini lina thamani kubwa zaidi. Hakuna fidia ya kutafutwa wala mkopo wa kulipwa kwa pupa. Na babu wa chini ya mwembe anabaki kuwa mwenyeji wa mji unaokua, badala ya kuuza yote mwaka mmoja na mwaka wa pili kuwa mlinzi kwenye shamba lililokuwa lake. Njia hii ni ngumu kwa sababu inahitaji vikao vingi, na inakufa siku ambayo mmoja wa wale kumi anahisi amepunjwa. Mgawanyo lazima uandikwe kabla kigingi hakijapigwa, na usomwe hadharani.

Mahali pa kuangalia mara mbili

Kando ya ziwa kuna mtego wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi tuliiona kama usumbufu hadi 2020, maji yalipopanda kuliko tulivyowahi kuona, na yakapanda tena zaidi 2024. Waliokuwa wamejenga karibu na mwalo walihama na magodoro kichwani. Ardhi ya ukingoni huuzwa kwa bei ya kutupa, na bei ya kutupa huwavuta wasio na pengine pa kwenda. Kwa hiyo kuipigia mstari mwekundu kwenye ramani hakutoshi kama hujamwonyesha muuza dagaa kiwanja kingine anachoweza kufika kwa miguu alfajiri, mitumbwi inapoingia.

Umbali ni kodi ya pili. Mtu akipata kiwanja nafuu mahali ambapo bodaboda ya kwenda na kurudi sokoni inakula elfu tatu kwa siku, kwa siku 26 za kazi amelipa elfu 78 kwa mwezi. Ongeza hiyo juu ya bei ya kiwanja, uone kama bado ni nafuu. Mji mdogo una bahati moja ambayo jiji limekwishaipoteza: bado unaweza kuweka nyumba za bei ya chini karibu kabisa na stendi, soko na zahanati. Miaka kumi ijayo ardhi hiyo itakuwa na maduka na vituo vya mafuta.

Ghorofa nitaligusa kidogo tu. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, na kwa mji mkubwa ni jambo la maana. Kwa mji mdogo, nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba vinane vya kupanga na ngazi ya nje inatosha kufanya kazi kubwa, na mafundi wetu wanaiweza.

La muda nalitilia mkazo zaidi. Hati nyingi zina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Shabaha yake ni mnunuzi anayekalia kiwanja akisubiri bei ipande, na hapo iko sawa. Lakini sharti hilohilo linampiga mama wa chumba kwa chumba, ambaye miezi 36 ni linta mbili na paa moja. Halmashauri ikiamua kwamba chumba kimoja kilichoezekwa na kukaliwa, chenye choo, ni uendelezaji kamili, imemtofautisha mjenzi maskini na mlanguzi tajiri bila kutunga sheria mpya.

Mchoro ukutani

Wiki mbili baada ya mazungumzo yale nilirudi, nikamkuta mama anajiandaa kwenda ofisi ya kitongoji. Mchoro wa eneo lao ulikuwa umebandikwa watu wauone na watoe maoni. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe mpango unapoandaliwa, lakini wengi hupita mbele ya karatasi ile wakidhani ni tangazo la minada.

Tulikwenda pamoja, na mwalimu naye akaja kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Ilimchukua mama muda kuipata nyumba yake. Aliitafuta kwa kuanzia kisimani, akapita kanisani, akahesabu miembe ambayo haikuchorwa. Alipoipata, kidole kikasimama. Barabara ya mita sita ilikuwa imekata mbele ya kiwanja chake mita moja na nusu, kwenye baraza. Hilo hakulibishia, alisema baraza ni udongo tu. Alichouliza ni kingine.

"Hapa umechora nyumba moja. Banda langu la uani liko wapi?"

Ofisa, kijana mpole, akasema picha ya anga ilionyesha paa moja kubwa, lile dogo lilifichwa na mti.

"Nalala humo na wajukuu zangu. Na huku nyuma kuna choo, na nataka kuchimba kingine. Ukipitisha mtaro wako hapa nyuma, nitachimba wapi?"

Mwalimu akasogea. "Tupo tisa, kaka yangu," akasema.

Kijana aliangalia karatasi muda mrefu. Kisha akatoa kalamu ya risasi mfukoni, akachora kibanda kwenye kona ya uani, akasogeza mstari wa mtaro upande wa pili wa mpaka, na akamwuliza mama shimo la choo kipya litakuwa hatua ngapi kutoka ukutani.

"Saba," mama akasema, na akazihesabu pale pale sakafuni ili aone.